Fundi rangi wa Ilala na Korola yangu nyekundu iliyogeuka pinki

Gari yangu ni Korola 110 ya mwaka 1998, nyekundu, na wenye gari nyekundu za zamani mnajua shida yake, jua la Dar halina huruma nayo kabisa. Jirani yangu ana nyeupe ya umri uleule imetulia tu, ya kwangu paa limekuwa pinki, ukipitisha kiganja unatoka na unga kama mwalimu aliyeshika chaki. Boneti nayo ina ugonjwa wake, inabanduka vipande vipande kama ngozi ya mtu aliyeungua.

Nilianza na pale wanapooshaga magari karibu na home (siwataji), wakanila elfu 40 ya polishi, gari ikang'aa wiki mbili, mvua ikapiga mara mbili tatu mchezo ukaisha, kumbe walinipakia mafuta tu.

Ndo mshkaji mmoja kazini akanielekeza kwa huyu fundi wa Ilala. Gereji haina hata bango, mabati tu, kompresa inaunguruma na turubai limetundikwa kama pazia la bafuni, nikajisemea leo nimeingia choo cha kike. Ila jamaa hakukimbilia kutaja bei. Akachukua kitambaa cheupe, akaweka kompaundi kidogo (ile dawa nzito ya kusugulia rangi), akasugua kona ya paa, kitambaa kikawa chekundu. "Bosi umeona? Hapa hamna klia, rangi yenyewe ndo iko juu, hii inarudi." Klia ni ile vanishi isiyo na rangi inayopulizwa juu ya rangi. Akahamia kwenye boneti akasugua vilevile, kitambaa kikatoka na uchafu tu. Kumbe boneti ilishapulizwa rangi na mwenye gari wa kwanza, ikawekwa klia ya bei chee juu yake, na klia ikishaanza kubanduka hiyo hamna polishi ya kuirudisha. "Hapa nikikupigia polishi ntakuwa nakula hela yako bure." Nilimkubali hapohapo.

Tukapatana laki na ishirini polishi ya gari nzima na laki na nusu boneti, rangi juu yake. Nikalia lia akashusha elfu 20, basi.

Kazi ya polishi nilikaa nikaiangalia kwa sababu sikuwa namwamini bado. Kabla ya kuwasha mashine alibandika tepu ya karatasi kwenye kingo zote, paa, milango, mpaka ule mstari wa ubavuni, anasema kwenye kona rangi ndo nyembamba na mashine inaila mpaka chini unaona praima, ile rangi ya kwanza ya chini, huyoo. Akawa anafanya kipande kidogo, anagusa bati kwa nyuma ya mkono, likipata joto anahamia pengine. Ilichukua karibu siku nzima, na ule wekundu ulivyorudi daah, sikuwahi kuujua, mi nimeinunua ikiwa imeshapauka.

Kwenye rangi ya boneti nilijifanya mjuaji, nikafungua nikamwonyesha kile kibati cha kwenye injini kimeandikwa namba ya rangi, 3E5, nikamwambia rangi yako hii hapa. Akacheka. Akasema hiyo ni rangi ya siku inatoka kiwandani, wewe gari yako imekula jua miaka yote hii. Akang'oa kifuniko cha tenki la mafuta, ambacho tayari kimeshapigwa polishi, akaenda nacho duka la kuchanganya rangi wakalinganisha kwa macho nje juani. Leo ukisimama mbele ya gari huwezi kujua kipi kipya, labda jioni ukiinama pembeni.

Sasa lawama. Aliniambia siku mbili, nimeichukua siku ya tano, kila nikipiga simu "bosi kesho asubuhi kabisa", na mi nilikuwa napanda mwendokasi wiki nzima. Pili klia ilitoka na vipele vipele kama ganda la chungwa upande wa abiria. Nilipolalamika hakubisha, akasema iache ikauke vizuri, nikarudi baada ya wiki akapitisha msasa wa maji namba 2000 akapiga polishi tena, bure. Hapo nampa maksi zake.

Akanionya paa nisiruhusu mtu alisugue tena na mashine, limebaki jembamba, nipake waksi na nitafute kivuli, ila sio chini ya mti wenye ndege maana kinyesi chao kinaunguza rangi. Kivuli chenyewe Tabata nakipata wapi.

Ningempa tano ila nampa nne, kwa sababu ya zile kesho zake na ya mbu. Kupulizia kwenye kibanda cha wazi ndo hivyo, kuna mbu kanasia chini ya klia, fundi akasema kumtoa ni kurudia boneti nzima, nikasema mwache. Nikiosha gari Jumapili namkuta palepale karibu na waipa ya kushoto, kakunjua mabawa.