Uzoefu wangu na modeli ya ndege ya TSR-2 ya Australia, skeli 1/72 (ndogo mara 72 kuliko ndege halisi)

Jana usiku nimepiga mkono wa mwisho wa klia, ile vanishi ya juu isiyo na rangi, leo asubuhi nimeitoa kabatini imekauka safi kabisa, kwa hiyo naandika sasa hivi kabla sijasahau vilivyonisumbua na vilivyonifurahisha. Jina la kampuni silitaji, maana kuna kosa lao moja nitalisema huko mbele na sitaki iwe vita.

Kwanza ndege yenyewe. TSR-2 ilikuwa ya mashambulizi, ya Uingereza, iliruka mara ya kwanza tarehe 27 Septemba 1964 na rubani alikuwa Roland Beamont. Ikaruka mara 24 tu, zote ndege moja ile ile yenye namba XR219, halafu Aprili 1965 serikali ikaufuta mradi, na hiyo XR219 ikaishia kuwekwa uwanjani ipigwe kama shabaha. Mi kila nikisoma hapo roho inaniuma. Australia nao walikuwa wanatafuta ndege ya kurithi Canberra zao, yaani ndege zao za mabomu, TSR-2 waliitazama, lakini 1963 wakachagua F-111 ya Marekani, wakaisubiri mpaka 1973 ndo ikafika. Sasa modeli hii ni ya wale tunaopenda mambo ya "ingekuwaje": ingekuwaje kama 1963 Australia wangesema tunachukua ya Waingereza? Ndani ya boksi kuna dekali (picha za kubandika, unaziloweka kwenye maji kwanza) za jeshi la anga la Australia na karatasi ya rangi ya ndege ambayo haikuwahi kuwepo.

Plastiki ni nzuri. Mistari ya mabati imechongwa ndani, myembamba, haipotei hata ukipiga rangi mikono mitatu. Mwili ni mrefu balaa, karibu sentimita 38, halafu mbawa fupi, ukiishika mkononi unaelewa hii kitu ilijengwa kwa ajili ya kukimbia chini chini. Pale midomo ya kuvuta hewa inapokutana na mwili kuna ufa, nimejaza puti nikapiga msasa, nikajaza tena, jioni mbili zimeisha hapo. Miguu ya nyuma ina magurudumu mawili mawili, moja mbele ya jingine kama ilivyokuwa kwenye ndege halisi, na ukiikosea pembe kidogo tu gurudumu moja linabaki hewani, kwa hiyo usiibandike kabla hujaisimamisha kwenye kioo cha meza ukahakikisha yote manne yamegusa. Na weka uzito puani kabla hujafunga mwili, la sivyo inakaa mkia.

Haya, tuje kwenye rangi, maana hapo ndo modeli za hivi hufa au hupona.

Karatasi ya maelekezo inakwambia uipake mabaka ya Vietnam, yaani kahawia na kijani za aina mbili juu, tumbo jeusi. Inapendeza, sikatai, na nilishanunua rangi zote tatu. Ila nikakaa nikaitazama nikajiuliza, hizi rangi zimetoka wapi? F-111 za Australia zilikuwa na mabaka hayo kwa sababu zilitoka kiwandani Marekani na zilipakwa kama za Wamarekani wenyewe. Sasa katika hadithi yetu F-111 haikununuliwa! Ndege imetoka kiwandani Uingereza, nani pale angeipaka kahawia ya Marekani? Ndo kosa ninaloliona kwenye modeli nyingi za ingekuwaje, mtu anabadilisha historia halafu anaacha rangi za historia ya zamani, na jicho linakataa hata kama mtazamaji hawezi kusema kwa nini.

Nikarudi nyuma. XR219 ilikuwa nyeupe, ile nyeupe ya ndege za mabomu kama Vulcan na Victor ambayo kazi yake ni kurudisha mwanga na joto la bomu la nyuklia. Lakini miaka hiyo hiyo ya sitini Waingereza walipoanza kurusha Vulcan chini chini, migongo ikapakwa kijani na kijivu, maana ndege nyeupe ikipita juu ya msitu adui aliye juu anaiona toka mbali. TSR-2 kazi yake yote ilikuwa huko chini, kwa hiyo weupe usingedumu. Na Waaustralia wenyewe Canberra zao zilizokuwa Phan Rang, Vietnam, zilikuwa na mabaka ya kijani na kijivu. Kila njia inakupeleka sehemu moja.

Basi nikaacha kahawia. Juu nimepaka kijani kizito, namba 641 kwenye orodha ya rangi ya Uingereza, BS 381C, na kijivu cha bahari, namba 638, chini kijivu chepesi, namba 627, yaani mpangilio wa ndege za kivita za Phantom za Uingereza za mwishoni mwa miaka ya sitini. Na nikaipa klia ya kung'aa, sio ya kufifia, kwa sababu Phantom hizo zilikuja na rangi inayong'aa mwanzoni. Mipaka ya mabaka nimeiwekea kamba nyembamba za udongo wa kunata nikapulizia kwa pembe, ukingo ukatoka mkali lakini sio kama umekatwa na wembe. Jamani ile siku natoa udongo, kijani kinatokea kipande kwa kipande kwenye ule mwili mrefu, nilisimama tu naangalia.

Sasa dekali. Zenyewe ni nyembamba, zinakaa vizuri, lakini kuna kosa ambalo sikutegemea kwa kampuni inayouza modeli ya Australia. Nembo yao ni duara la bluu na kangaruu mwekundu katikati, na ubavuni mwa ndege kangaruu anaruka kuelekea puani, upande wa kulia na upande wa kushoto. Kwenye karatasi yangu wa ubavuni wote wawili wanaangalia upande mmoja! Ukibandika, upande mmoja ndege inaenda mbele na kangaruu anakimbilia mkiani. Niligundua wa pili akiwa tayari kwenye maji. Nimemwacha, nikachukua duara kwenye dekali zilizobaki za modeli ya Mirage, ndege ya kivita ya Australia, niliyounda zamani, kipenyo kimepishana kidogo lakini haionekani kama hujaambiwa. Kabla hujaloweka chochote kagua hao kangaruu.

Namba za mkia wamezipatia, wametumia A8. Hiyo ndo ilipewa F-111, na kama TSR-2 ingechukua nafasi yake basi ingechukua na herufi zake, ni kitu kidogo lakini kinaonyesha kuna mtu kule alikaa akafikiria. Ndo maana lile la kangaruu limeniuma zaidi.

Nyota nne kati ya tano. Kama hii ni modeli yako ya kwanza ya ndege usianze nayo, ule ufa na ile miguu vitakukatisha tamaa. Kama ushaunda tatu nne, chukua. Mi nimeshaagiza boksi la pili, na zile rangi za Vietnam hazitapotea: hiyo itakuwa ya Marekani, kwenye hadithi ambayo F-111 imeshindwa kabisa na wao ndo wamelazimika kununua TSR-2. Hapo kahawia ina haki yake, na tumbo nitalipaka jeusi.