Miche ya viungo Nyegezi: chukua mnanaa na rozimari, giligilani iache

Nyumba ninayopanga Mabatini, hapa Mwanza, imekaa juu ya mwamba. Uwani ukipiga jembe mara moja tu unagonga jiwe, kwa hiyo mboga na viungo vyangu vyote vinaishi kwenye ndoo kuukuu za rangi. Mwezi wa tatu nilishuka Nyegezi kwenye kitalu kimoja cha kando ya barabara nikanunua mnanaa kwa 1,500, rozimari kwa 4,000 na viriba viwili vya giligilani (kotimiri), elfu moja kila kimoja.

Mnanaa sina neno nao. Ulikuwa na vijitawi vitatu, sasa umefunika ndoo ya lita 10. Kijana wa pale alinionya, "Mama, huu uupande peke yake, ukiuchanganya utameza wenzake." Alisema kweli.

Rozimari ilinitia hofu. Kiriba kilikuwa na udongo mzito uliojaa samadi, na masika yakaikuta humo humo. Majani ya chini yakaanza kuwa meusi. Nikaitoa, nikachanganya mchanga na udongo nusu kwa nusu, nikatoboa ndoo matundu sita chini na kuiweka juu ya jiwe linalopigwa na jua kutwa. Ikapona. Mmea huu asili yake ni nchi kavu za pwani ya Mediterania, mizizi ikikaa majimaji inaoza, na muuza miche anapaswa kulijua hilo kabla ya mnunuzi. Lakini sato wa kuchoma, tumboni kawekwa tawi la rozimari na kipande cha limao! Wanangu siku hizi hawataki mwingine.

Giligilani ndiyo hasara. Ina mzizi mrefu wa katikati, haipendi kuhamishwa. Wiki ya tatu ikatoa maua, majani yakawa membamba kama nyuzi. Nilikwenda kununua punje nzima za giligilani za mia tano kwa muuza viungo, nikaviringisha chupa juu yake zipasuke vipande viwili, nikaziloweka usiku kucha na kuzipanda pale pale zitakapokulia. Siku ya 11 zikachomoza.

Kitaluni nitarudi Jumamosi, mama yangu Sengerema anataka rozimari yake. Nimeshampigia yule kijana: "Mwanangu, ya safari hii niwekee kwenye mchanga." Amekubali.