Uzoefu wangu na CD mbili za Manhole, bendi iliyokuja kuitwa Tura Satana

CD ya kwanza niliinunua yuro 4 kwenye soko la mitumba la Jumapili pale Mauerpark, Berlin. Ilikuwa ndani ya boksi la ndizi, imebanwa na CD za nyimbo za Krismasi. Kasha limepasuka pembeni, kijitabu cha ndani kimegandana kwa unyevu, na muuzaji akaniapia kwamba sahani yenyewe haina mkwaruzo hata mmoja. Juu imeandikwa Manhole, All Is Not Well. Ni ya mwaka 1996. Ya pili niliiagiza mtandaoni baada ya hapo, kwa hiyo naandika haya nikiwa nimeshaishi na zote mbili miezi kadhaa.

Kwa asiyewajua: hii ni bendi ya Los Angeles, ya nyu metali, ile metali iliyochanganywa na hip hop, magitaa yaliyolegezwa nyuzi mpaka yananguruma. Mbele yao alisimama mwanamke, Tairrie B. Nyuma yake Scott Ueda kwenye gitaa, Rico Villasenor kwenye besi na Marcelo Palomino kwenye dramu. Walitoa albamu mbili tu, na kufikia 1998 bendi haikuwepo tena.

Kilichonifanya niwatafute ni historia ya huyo dada. Kabla ya magitaa alikuwa rapa. Mwaka 1990 alitoa albamu ya hip hop, The Power of a Woman, chini ya Comptown, lebo ya rapa Eazy-E, yule yule wa kundi la N.W.A. Mwanamke mzungu anayechana, yaani anayerapu, akiwa chini ya mtu wa Compton, mtaa wa watu weusi huko Los Angeles, mwaka 1990! Halafu akaliacha hilo jukwaa, akakusanya wapiga vyombo, akaanza upya kabisa kwenye muziki ambao wanawake waliosimama mbele ya maiki walikuwa wa kuhesabu.

Kwangu mimi hapo ndipo uzito wote wa All Is Not Well ulipo. Waimbaji wengi wa nyu metali walitoka kwenye roki wakajifunzia kuchana njiani, na unawasikia: mistari inakimbizana na gitaa, inachelewa, mwisho wanaokolewa na kelele. Tairrie alipita njia ya upande wa pili. Maneno yake yanatua juu ya mdundo pale pale yanapotakiwa, kila silabi unaisikia, na akiamua kupiga ukelele unajua ameamua, hakushindwa kumaliza mstari. Nilimtumia mdogo wangu wa Arusha kipande cha dakika moja. Yeye ni mtu wa hip hop, metali hata haitaki, na sikumwambia chochote kuhusu mwimbaji. Alinijibu kwa sauti: "Dada, huyu ameanzia kwenye kuchana, msikilize anavyovuta pumzi." Nikarudi kusikiliza upya kwa hedifoni, na kweli. Anavuta pumzi fupi katikati ya mistari, kavu, bila kuuvunja mdundo, kama wanavyofanya wanaochana bila kupumzika. Sikuwahi kuliona hilo mwenyewe, na sasa kila nikiiweka nalisikia.

Mtayarishaji wa albamu hii ni Ross Robinson. Ukiwa umewahi kusikia albamu ya kwanza ya bendi ya Korn, ya 1994, aliyoirekodi kule Indigo Ranch kwenye vilima vya Malibu, utaitambua mikono yake mara moja. Besi inagonga kifuani, dramu hazina mapambo, na sauti ya mwimbaji imeachwa wazi mpaka unahisi uko naye chumba kimoja. Robinson anajulikana kwa kumsukuma mwimbaji mpaka akiguse kidonda chenyewe. Bendi nyingi za namna hii zilizokuja na wanaume mbele ziliimba maumivu ya utotoni, na nazipenda kwa hilo. Tairrie anaimba ukatili dhidi ya wanawake, unafiki, mwili usioheshimiwa, na anauimba akiwa amekutazama usoni. Haombi huruma yako. Kuna nyimbo ambazo mara ya kwanza nilizizima katikati, nikanywa maji, ndipo nikaendelea. Usiiweke watoto wakiwa sebuleni, na kama una jeraha la aina hiyo, uwe na mtu karibu.

Sasa bidhaa yenyewe. Wimbo wa saba ulikuwa unaruka. Ule mkwaruzo ambao niliapiwa haupo ulikuwepo, mwembamba kama uzi, unauona ukiigeuzia sahani dirishani. Niliipangusa kwa kitambaa cha miwani chenye maji kidogo, kutoka katikati kwenda ukingoni. Usipanguse kwa kuzungusha, ukizungusha mkwaruzo mpya utafuata njia ya muziki na utaharibu zaidi. Ilipona kiasi: bado inajikwaa sehemu moja, sekunde mbili hivi, kwenye deki yangu ya zamani, lakini kwenye kompyuta inapita bila shida. Kijitabu nilikishika juu ya mvuke wa sufuria ya chai, kidogo kidogo, nikapitisha rula nyembamba kati ya kurasa. Ukurasa mmoja uliacha wino wake kwenye mwenzake. Iliniuma, maana mimi ni mtu wa kusoma maneno ya nyimbo huku nikisikiliza.

Ya pili inaitwa Relief Through Release, ya 1997, na hapa jina la bendi limebadilika: Manhole wamekuwa Tura Satana. Jina hilo ni la mwigizaji mzaliwa wa Japani aliyeng'ara kwenye filamu ya mwongozaji Russ Meyer ya 1965, Faster, Pussycat! Kill! Kill!, mwanamke aliyevaa nguo nyeusi na kuwapiga wanaume kwa mikono yake. Kwa bendi hii lilikaa kama vazi lililoshonwa kwa vipimo vyao. Ila kwa sisi wanunuzi lilileta taabu. Albamu ya kwanza utaikuta kwenye herufi M, nyingine kwenye T, kisha hiyo hiyo ya kwanza ilitolewa tena kwa jina jipya, na wauzaji wengi hawajui kwamba ni watu wale wale. Nilipekua makasha ya T maduka matatu kabla sijashtuka. Kwa hiyo tafuteni herufi zote mbili. Na hapa Ujerumani msichoke haraka, kwa sababu zote mbili zilitolewa na Noise Records, kampuni ya Berlin, ile ya bendi za metali Helloween na Kreator, na ndiyo maana naamini nakala zake bado zinajitokeza kwenye maboksi ya huku.

Kwenye hii ya pili gitaa limeshikwa na Brian Harrah. Sauti imepanuka, Tairrie anaimba zaidi na anachana kidogo, na kuna sehemu tulivu ambazo kwenye ya kwanza usingezipata. Ni nzuri, na mtu asiyezoea metali ataielewa upesi zaidi. Muuzaji wa mtandaoni alichukua wiki tatu kuituma na akaifunga kwa bahasha ya karatasi tupu, lakini ilifika nzima. Nililipa yuro 9 pamoja na usafirishaji.

Nikiambiwa nibaki na moja, nabaki na ya 1996, pamoja na kujikwaa kwake. Ile ya 1997 inaonyesha bendi iliyokuwa inajua inakoelekea, na inauma kujua kwamba mwaka uliofuata ilivunjika. Tairrie hakukaa: alianzisha My Ruin, na kufikia 1999 albamu ya kwanza ya bendi hiyo ilikuwa tayari sokoni. Za My Ruin sijazinunua bado. Jumapili ijayo narudi Mauerpark, nikaanze na maboksi ya M, T, halafu tena M.