Dreamachine: mashine ya maono, na madai yanayouzwa pamoja nayo

Kifaa chenyewe ni silinda ya kadi ngumu iliyotobolewa matundu, inayozunguka juu ya gramafoni huku balbu ikining'inia ndani yake. Unakaa mbele yake gizani, umefumba macho, na baada ya muda mfupi rangi na maumbo huanza kutembea. Msanii Brion Gysin na mwanafunzi wa hisabati Ian Sommerville walikibuni mwishoni mwa miaka ya 1950, na hataza ya Ufaransa ni ya 1961. Kwa kazi ya kuleta maono bila kumeza chochote, kinastahili sifa zake.

Vingi vya kujitengenezea huharibikia kwenye hesabu. Mwanga unatakiwa kumulika mara 8 hadi 13 kwa sekunde. Gramafoni ya mizunguko 78 kwa dakika huzunguka mara 1.3 kwa sekunde, hivyo matundu 8 kwa mstari hutoa mimuliko 10.4. Ukiihamishia silinda hiyohiyo kwenye 45, unabaki na 6 tu, na maono hafifu. Kwa 45 toboa 14. Kwa 33 na theluthi toboa 18, upate 10 kamili. Silinda ya kipenyo cha sentimita 30 ina mzingo wa 94, kwa hiyo matundu 18 hupangwa kila baada ya sentimita 5.2. Upana wa tundu usizidi nusu ya hapo, la sivyo giza halitoshi kutenganisha mimuliko.

Kadi iwe nyeusi, isiyopitisha mwanga. Balbu za LED za bei ya chini, zenye kitako cha plastiki, humulika upande mmoja. Ukiining'iniza, mwanga wote unaishia kwenye sahani ya gramafoni. Chukua LED ya kioo yenye nyuzi. Ya zamani ya wati 100 inamulika vizuri, ila inaunguza: isiguse kadi, na juu pabaki wazi.

Mwenye kifafa, au ambaye ndugu zake wanacho, asiikaribie kabisa. Japani, Desemba 1997, katuni yenye mimuliko ya aina hii ilipeleka mamia ya watoto hospitalini. Kufumba macho si kinga. Ukijisikia vibaya, geuka na ufunike macho yote kwa viganja.

Sasa madai. Wapo wanaosema mashine inafunua mawimbi yaliyo chini ya uhalisia wote. Ni kweli maada ina tabia ya mawimbi: mwanafizikia de Broglie alipendekeza hivyo 1924, na majaribio ya elektroni ya 1927 yakathibitisha. Lakini mahandaki, spirali, vimia na tando za buibui zinazoonekana mbele ya mashine ni maumbo yaleyale ambayo mwanasaikolojia Heinrich Klüver aliyaorodhesha miaka ya 1920 kwa watu waliotumia meskalini, dawa inayoleta maono. Wanahisabati Ermentrout na Cowan walionyesha kwa hesabu, 1979, yanakoweza kutoka. Tabaka la ubongo linalopokea picha hutenga eneo kubwa mno kwa kitovu cha jicho. Msisimko ukijipanga humo kama mistari iliyonyooka, mwenye ubongo huona duara, miale au spirali, kutegemea mwelekeo wa mistari. Mawimbi yapo, ila ni ya ubongo, na hilo kwangu linatosha kustaajabisha.

Ukinunua gramafoni, chagua yenye kirekebisha kasi. Ipandishe polepole ukiwa umefumba macho: maumbo yatabadilika kadiri kasi inavyobadilika, na chumba hakijaguswa.