Kliniki ya mgongo Upper Hill, Nairobi: daktari nyota tano, risepshoni moja na nusu

Jina naliweka kando juu bado nina maneno nao. Nilimpeleka mzee wangu, pingili za L4 na L5, zile za chini ya mgongo, zilikuwa zimemtesa mpaka kutoka stegi hadi kwa geti lazima aketi njiani, ikaamuliwa ziunganishwe.

Daktari ni wa maana kabisa. Mzee aliingia na msimamo wake, anataka chuma ngumu kuliko zote, basi. Daktari akamwambia, "Mzee, chuma ikibeba kila kitu, mfupa unakaa bure." Akatoa kwa droo keji mbili, zile za kuwekwa katikati ya pingili, moja ya titaniamu na nyingine ya plastiki inaitwa PEEK, nyepesi, rangi ya chai ya maziwa, akampa ashike. Titaniamu ugumu wake ni kama 110 GPa (gigapaskali, kipimo cha ugumu), ganda la nje la mfupa ni 10 hadi 20 hivi, PEEK karibu 4. Sasa chuma ngumu ikibeba mzigo wote, mfupa unaopandikizwa pale ili pingili ziungane haubanwi, na usipobanwa vizuri haujengeki, unaweza hata kukonda, hiyo kitu Julius Wolff wa Ujerumani aliiandika tangu 1892.

Lakini usikimbilie laini pia, zikichezacheza sana pingili hazishikani, skrubu na fito zinazozishikilia kwa nyuma zinalegea ama kukatika. Halafu PEEK, pamoja na kukaribia mfupa kwa ugumu, mfupa haupendi kuishika kwa uso wake, ndio maana kuna keji za titaniamu zenye vitundu vitundu, zinaprintiwa na mashini ya 3D, vitundu vinapunguza ugumu na mfupa unaingia ndani. Mzee akachagua hiyo, na kwa nyuma skrubu na fito za titaniamu. Mi nimekaa na madaktari wengi na hakuna aliwahi kutueleza kitu hivyo, wengi wanakuandikia tu.

Sasa risepshoni, woi! Mara fomu ya SHA, ile bima ya afya ya serikali, haionekani, mara ngojeni hapo. Na makadirio ya bili waliyotupa hayakuwa na vyuma, vikaletwa kando siku ya kuruhusiwa, na vyuma ndio pesa yenyewe. Uliza mapema, waandike.

Mzee anatembea sasa, eksirei ya juzi inaonyesha mfupa umeanza kushikana, ingawa daktari alisema inaweza kufika mwaka, na sigara marufuku kwa sababu inazuia mfupa kuunga. Hapo ndio mzee na daktari wanagombana.

Parking hakuna, mgonjwa ashushwe mlangoni.