Mkanda wa shingoni wa jogoo: hupunguza kelele, haumnyamazishi

Baadhi ya wauzaji husema jogoo akivishwa mkanda huu ananyamaza kabisa. Hanyamazi, na ukinunua kwa tumaini hilo utaukaza kupita kiasi hadi umuumize ndege. Ila kwa kazi yake halisi, yaani kushusha sauti, mkanda ulioshonwa vizuri na kufungwa kwa uangalifu unafaa. Kwa ujumla tungeupa alama tatu kati ya tano, na nyingi ya zilizokatwa zimekatwa kwa sababu ya yale yanayotokea baada ya wiki ya kwanza.

Chenyewe ni kitu rahisi: ukanda wa nailoni laini, upana wa vidole viwili hivi, unaofungwa kwa velkro chini ya manyoya ya shingo. Jogoo anapowika huvuta hewa hadi kwenye vifuko vya hewa vilivyo ndani ya mwili, kisha huisukuma kwa mkupuo mmoja kupitia kiungo cha sauti kilicho chini ya bomba la pumzi, pale linapogawanyika kwenda kwenye mapafu. Shingo hunyooka na kutanuka. Mkanda huzuia kutanuka huko, hewa ikatoka kwa nguvu ndogo, na badala ya mlio wa kupasua anga unasikia kitu cha kukwaruza, kama mtu mwenye mafua anayejaribu kuita.

Msishangae kwamba hata mlio huo bado unasikika. Watafiti wa Ubelgiji waliochapisha kazi yao mwaka 2018 walipima majogoo na kupata zaidi ya desibeli 100, na karibu kabisa na sikio la jogoo mwenyewe ikafika 142. Ukipunguza sauti kubwa hivyo, kinachobaki bado ni sauti. Jirani mnayetenganishwa na ukuta mmoja ataendelea kumsikia. Wa nyumba ya tatu huenda asimsikie.

Mkanda pia haubadilishi saa ya kuwika. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Nagoya, Japani, walionyesha mwaka 2013 kwamba kuwika kwa alfajiri kunaongozwa na saa ya ndani ya mwili, hata jogoo akiwekwa kwenye mwanga hafifu usiobadilika. Mwaka 2015 wakaonyesha jambo lingine: jogoo mwenye cheo cha juu huanza, na wa chini yake hufuata kwa zamu. Mwenye majogoo wawili akimvisha mmoja tu, basi amenunua nusu ya dawa.

Tuje kwenye kufunga, maana hapo ndipo watu wengi huharibu. Mfunge usiku akiwa ametulia kwenye fito, na muwe wawili: mmoja amshike mabawa kwa kumkumbatia, mwingine afunge. Inua manyoya ya shingo kuelekea kichwani, zungusha mkanda katikati ya shingo juu ya gole (kifuko cha chakula kilicho chini ya shingo), kisha yalaze manyoya juu yake. Ncha ya kidole cha mwisho iingie kati ya mkanda na ngozi bila kulazimisha. Kwa siku mbili tatu za mwanzo acha ulegee zaidi ya hapo, kisha kaza milimita chache kila jioni hadi sauti ishuke. Ikifika mahali umekaza hadi kidole hakiingii na bado sauti ni kubwa, rudisha nyuma. Jogoo huyo mkanda haumfai.

Asubuhi ya kwanza atatembea kinyumenyume, atatikisa kichwa na kujikuna shingo kwa mguu. Hilo ni la kawaida na hupungua ndani ya siku moja au mbili. Yasiyo ya kawaida ni haya: upanga wa kichwani kugeuka zambarau, kuhema kwa mdomo wazi wakati hakuna joto, kumeza kwa shida, au gole kuwa gumu na kujaa asubuhi kabla hajala. Ukiona mojawapo, vua hapo hapo. Punje kubwa za mahindi na mapande ya mboga zina nafasi kubwa ya kukwama kuliko pumba zilizolowanishwa kidogo, kwa hiyo badilisha chakula katika wiki ya mwanzo, na uhakikishe kwa macho yako kwamba anakunywa maji.

Baada ya hapo kasoro za kifaa chenyewe huanza kujitokeza. Velkro hujaa vumbi na nyuzi za manyoya, ikalegea bila mtu kugundua. Mkanda uliolegea ni wa hatari kuliko uliobana kidogo, kwa sababu jogoo anapojichambua manyoya taya la chini linaweza kupenya chini yake na kunasa. Utitiri na chawa nao hupenda mahali penye joto na giza namna hiyo. Kwa hiyo kila wiki uvue, uuoshe, uukaushe, na uipekue ngozi: wekundu, kidonda au upara maana yake ni mapumziko. Wakati wa joto kali usiufunge kabisa. Kuku hapoi kwa jasho bali kwa kuhema, na huo mkanda umekaa palepale hewa inapopita.

Pora, yaani jogoo mchanga anayekua, asivishwe. Shingo yake inanenepa wiki hadi wiki, na mkanda uliomtosha Jumatatu unaweza kumkaba kabla ya mwezi kuisha. Wapo pia madaktari wa mifugo wanaoupinga mkanda huu kwa ndege wa umri wowote, na hoja yao ina uzito kwa mfugaji ambaye hana muda wa kumkagua jogoo kila siku. Huyo asinunue.

Mara nyingi huuzwa pamoja na aproni ya mtetea, kitambaa cha kufunika mgongo chenye kamba za kupita chini ya mabawa. Hiyo inafanya kazi yake: kucha za jogoo anapompanda hazimchani. Lakini mgongo uliopukutika ni dalili ya majike kuwa wachache mno. Jogoo wa aina nzito anahitaji majike nane hivi, wa aina nyepesi kama Leghorn kumi au zaidi. Ukimpa watatu, atamchosha mmoja wao kila siku, na manyoya yaliyovunjika yakiacha mashina ngozini hayatarudi hadi msimu wa kubadilisha manyoya. Aproni haitarekebisha hesabu hiyo.

Kwa kweli sehemu kubwa ya matatizo ambayo vifaa hivi huahidi kuondoa huanzia kwenye kuchagua. Kama unataka mayai ya kula tu, huhitaji jogoo. Mtetea hutaga bila yeye. Kama unataka vifaranga, bakiza mmoja, na umchague akiwa na miezi mitano au sita, tabia zikiwa zimeshajitokeza. Mfupa wa kifua uwe umenyooka, vidole visipinde, macho maangavu, upanga mwekundu. Kisha simama pembeni umtazame akila. Mzuri hudonoa, akaachia, akaita majike kwa mlio wa haraka haraka na kuwaachia wao. Kivuli cha mwewe kikipita hutoa onyo na wote hukimbilia kichakani. Anayekuvamia miguuni kila unapoingia bandani, mtoe kwenye uzazi: ukali huo kwa sehemu hurithiwa, na hakuna mkanda unaoutibu. Aliyetoka kwa watu akae peke yake siku 30 kabla ya kuchanganywa, kwa ajili ya kideri na wadudu.

Na msimlishe chakula cha watagaji mwaka mzima. Kina kalisi ya asilimia 3.5 hadi 4, wakati jogoo anahitaji karibu asilimia moja, na ziada huzielemea figo. Wape wote chakula cha wanaokua, na maganda ya chaza yaliyosagwa, yenye kalisi, yawekwe kwenye chombo cha pembeni. Majike watayafuata wenyewe.

Ukiamua kununua mkanda, kataa wenye lastiki, kwa kuwa hukaza wenyewe bila kipimo. Tafuta uliokatwa kingo laini, wenye velkro ndefu ya kutosha kurekebisha kwa milimita. Kwa kuku wadogo wa aina ya bantam nunua saizi yao. Wa jogoo mkubwa ukikunjwa unatengeneza pindo gumu linalokwaruza ngozi.