Alovera au mafuta ya nazi kwa ngozi inayowasha?

Ngozi iliyochomwa na jua, nyekundu na yenye joto, ipake alovera. Kata jani, lisimamishe dakika 15 utomvu wa njano uchuruzike, kisha limenye na uoshe ute. Wengi huruka hatua hiyo, halafu huilaumu alovera kwa muwasho ulioletwa na utomvu.

Mafuta ya nazi hayapoozi. Kazi yake ni kuzuia unyevu usitoke kwenye ngozi kavu. Pakaa kidogo tu ndani ya dakika 3 baada ya kuoga, kabla ngozi haijakauka. Usoni penye chunusi, yaache. Palipoungua karibuni pia, maana hufungia joto.

Jaribu kwanza sehemu ndogo ya mkono kwa saa 24. Penye malengelenge au usaha, usipake chochote, mwone daktari.